Udongo wa Kuletwa katika Bustani ya Bwera

Kila kijana anayekuja kwangu na mashine mpya ya kutafuta vyuma ananiuliza jambo lile lile: Mzee, niiweke namba ngapi? Sijui. Mashine zenu zina vioo na namba na rangi. Yangu ilikuwa na kitufe kimoja, waya wa kuvaa masikioni, na betri nzito zilizoniinamisha bega la kushoto mpaka leo. Ninachojua mimi ni udongo. Kama mnataka kuokota sarafu za zamani kwenye bustani na viwanja, kaeni niwaambie habari za udongo. Mkichoka ondokeni tu, sitakasirika. Nimezoea kuongea na mabomba.

Nilikuwa mtu wa maji. Ofisi yetu ilikuwa Kasese, na kazi yangu ilikuwa kutafuta mabomba ya chuma ambayo walioyazika walikuwa wameshakwenda kwao pamoja na ramani. Unavaa ile mashine, unatembea polepole, duara lake likipita karibu na ardhi, na penye chuma inalia masikioni. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka ya sitini na sabini, jua la Kasese likinichoma utosini, na watu wakiniita yule bwana anayesikiliza chini. Wengine waliamini nasikia wafu. Sikuwasahihisha, maana walikuwa wananipisha njiani.

Aliyenifundisha ni injinia mmoja Mzungu, mnene, mpole, ambaye alipenda sarafu kuliko mabomba. Jumamosi tulikuwa tunaichukua mashine ya serikali tunakwenda nayo bustani ndogo karibu na stesheni ya reli, pale watu walipongojea treni miaka mingi, wakilala kwenye majani, senti zikiwadondoka mifukoni. Tuliokota senti kumi zenye tundu katikati, shilingi za mfalme, hata faranga za Kongo. Yeye alizisafisha kwa mswaki wake wa meno. Baadaye alisugua meno kwa mswaki ule ule, nilimwona kwa macho yangu.

Somo lake la kwanza nawapa bure. Ardhi ambayo haijaguswa ina mpangilio wake. Sarafu ikianguka kwenye majani inafunikwa mwaka hadi mwaka, inashuka, inalala chali. Za juzi ziko juu, za zamani ziko chini. Tena ile iliyolala miaka mingi bila kusumbuliwa, udongo unaoizunguka unaingiwa na kutu yake, na mashine inaisikia vizuri zaidi, sauti inakuwa nene. Ukishachimba tu, ukaukoroga ule udongo, sauti ile imekwisha. Sarafu inaweza kusimama kwa ukingo, udongo una mapengo ya hewa, kifuniko cha soda cha mwaka jana kiko chini ya senti ya babu yako. Huwezi tena kusema hiki kilitangulia na hiki kilifuata.

Kwa hiyo, alikuwa akiniambia, kabla ya kuwasha mashine uliza nani alichimba hapa. Uliza mtunza bustani, uliza mama wa karanga, uliza dereva wa greda. Mimi nilikuwa naitika ndiyo bwana, ndiyo bwana, huku nimeshawasha.

Mara moja niliwasha pale lori za chumvi kutoka Kabatoro zilipokuwa zikipumzika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mashine ililia kila mahali, mfululizo, nikajua nimefika penye sanduku la hazina. Nilichimba mpaka kiunoni. Wachuuzi wa chumvi waliacha biashara wakaja kunitazama, mmoja akanipa maji ya kunywa kwa huruma. Hapakuwa na kitu. Chumvi ilikuwa imemwagika pale miaka na miaka, na udongo wenye chumvi ukilowa unalia wenyewe. Siku ya kiangazi pangekuwa kimya. Shimo lile nilikaa nalifukia mpaka jioni, na jina la Bwana Hazina lilinifuata miezi.

Mara nyingine, katika bustani ile ile ya stesheni, tulipata kwenye kitalu cha maua jembe la zamani na sarafu mbili nzuri sana. Injinia alifurahi, akaanza kuandika kwamba hapa palikuwa na makazi ya kale. Mtunza bustani alipokuja kumwagilia akatuambia udongo ule uliletwa na lori kutoka Mubuku mwaka uliotangulia, maua yasingekubali udongo wa stesheni. Injinia aliichana karatasi yake kimya kimya. Mnaona basi, somo nilikuwa nalo. Nililiona kwa macho, nikacheka.

Sasa niwaambie ya Bwera.

Miaka ya sitini katikati, vita vya Kongo viliwavusha watu wengi mpaka upande wetu, kutoka Beni, kutoka Butembo, na wengi walifikia kwenye uwanja wazi wa Bwera mbele ya ofisi ya gombolola, yaani tarafa. Walijenga vibanda vya majani, wakakaa hapo miezi. Watoto walikuwa wanapotea katika kukimbia, kwa hiyo akina mama walikuwa na njia yao. Walichukua senti kumi yenye tundu, wakaitia uzi, wakamfunga mtoto kiunoni, na kwenye ukingo wa sarafu wakakata alama kwa tupa: mkato mmoja kwa mtoto wa kwanza, miwili kwa wa pili, na kuendelea. Nyinyi mnajua kwetu na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka jina linasema mtoto amezaliwa wa ngapi. Anayemwokota mtoto asiyejua kusema anasoma mikato, akiona miwili anapita vibandani anauliza: nani amepoteza Kambale?

Watu walipotawanyika, wengine wakarudi, wengine wakapata viwanja wakabaki, uwanja ule ulisawazishwa kwa greda ukafanywa bustani. Ulikuwa mteremko: upande wa juu ukakatwa, upande wa chini ukajazwa. Majani yakapandwa, na maua ya njano. Miaka ya sabini, wakubwa wa gombolola walipokuwa wanajeshi, ikaja amri ya kujenga jukwaa la saruji upande wa juu, la wageni kusimama siku za sherehe.

Niliitwa kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji.

Aliitwa Mama Kambale, muuza maharagwe sokoni, mtu wa Butembo, Mkatoliki, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Mwanawe wa pili alikufa kwa surua wakati wa vibanda, naye alimzika palepale uwanjani, kwa kina cha goti, maana hapakuwa na nguvu ya kuchimba zaidi. Sasa alikuwa amekaa kwenye mifuko tangu asubuhi, na mafundi wamesimama wanamtazama. Mwanajeshi aliyekuwa mkuu wa gombolola, ambaye sisi sote tulimwita afande na hatukutaka kujua jina lake zaidi ya hapo, alikuwa ameanza kushika kiuno. Wakati ule mwanajeshi akishika kiuno watu walifunga maduka.

"Mutoto yangu iko hapa chini," Mama Kambale akaniambia. "Simenti baweke fasi ingine yote. Juu yake hapana."

"Wapi hasa, mama?"

"Ilikuwa muti moja, mukuyu. Kutoka ku muti, hatua munane, unaangalia milima. Lakini muti balitosha, baling'oa. Sasa sijue tena muti ilikuwa wapi."

Nikamwuliza kama mtoto alikuwa na sarafu. Akasema ndiyo, yenye mikato miwili, alimzika nayo. Afande alisikia habari ya mashine, akaona ni mchezo mzuri.

"Leo tu," akasema. "Kesho saruji. Wewe wa maji, tafuta. Ukikosa, huyu anatoka, atake asitake."

Nilihesabu hivi: upande huu wa juu greda limekata, ardhi imeshushwa, kaburi la goti sasa limebaki la kiganja kimoja na kidogo. Kina hicho mashine yangu inaisikia sarafu. Kwa hiyo inawezekana. Hesabu ile haikuwa mbaya. Nilitembea tangu saa nne mpaka saa tisa, nikitoa misumari, vifuniko, kijiko, na Mama Kambale nyuma yangu hatua kwa hatua. Saa tisa mashine ililia kwa sauti nyembamba. Nikachimba kwa mwiko, kiganja kimoja. Senti kumi yenye tundu. Nikaipangusa kwa kidole. Mikato miwili.

Nilimkabidhi. Akaiangalia, akapiga magoti pale pale, akaweka paji la uso chini, akalia kwa sauti ambayo sikuwa tayari nayo. Mafundi walivua kofia. Na mimi, vijana, nilifukia kile kishimo. Hilo ndilo kosa langu. Sikuchimba hata kiganja kingine. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta, mtu analia, afande anatazama saa, nikaona kuchimba zaidi ni kumsumbua marehemu. Sauti ilikuwa nyembamba, na udongo ulikuwa laini chini ya mwiko, na upande uliokatwa na greda udongo haupaswi kuwa laini. Mkono wangu uliyajua hayo yote. Sikuuuliza.

Wakapazungushia mawe, katekista akaja kuombea, na Mama Kambale akainuka kutoka kwenye mifuko kwa hiari yake. Kesho yake jukwaa likamwagwa, mbali kidogo na mawe yale, na kila mtu akanisifu. Kila mwaka, tarehe mbili Novemba, siku ya kuombea wafu, alipeleka maua, akapalilia. Nikipita sokoni alikuwa ananiongezea kikombe kimoja cha maharagwe juu ya kipimo. Niliyala.

Ikapita kama miaka miwili. Ofisi ilinituma Bwera kuweka bomba la bustani, na mtaro ukapita hatua moja tu kutoka kwenye yale mawe. Nilikuwa ndani ya mtaro nikanyoosha mgongo, nikatazama ukuta wake. Ardhi ile yote ya juu ni ya njano, ngumu, ya rangi moja. Lakini upande wa mawe palikuwa na udongo mweusi uliochanganyika na kokoto za barabara na vipande vya chupa, ukishuka mpaka miguuni pangu na kupita, na chini kabisa palikuwa na mizizi mikubwa iliyokatwa, imeoza. Nilikaa chini mtaroni.

Aliyeendesha greda siku zile alikuwa Musa, Muislamu wa upande wa Masaka, ambaye sasa alikuwa na lori lake la mchanga hapo hapo Bwera. Nikamfuata gereji.

"Ssebo, ule mti niling'oa mwenyewe," akasema. "Ukaacha shimo kama nyumba. Nikalijaza kwa udongo wa lori kutoka kando ya barabara ya soko."

"Kando ya barabara kulikuwa na nini?"

"Vibanda vya wakimbizi vilifika mpaka huko. Kwa nini?"

Mmeelewa, nadhani. Sarafu niliyoitoa ilikuja ndani ya lori. Ilikuwa ya Kambale mwingine, labda mzima, labda aliukata uzi akicheza. Katika vibanda vile kila nyumba iliyokuwa na wavulana wawili ilikuwa na Kambale, na mimi, mtu ambaye mdogo wangu anaitwa Bwambale kwa sababu hiyo hiyo, niliona mikato miwili nikadhani nimesoma jina la mtu mmoja. Mzungu asingefanya kosa lile. Angeuliza mikato ni ya nini, angeambiwa, angeona ni ya nusu ya uwanja.

Lakini lile shimo lilikuwa limeniambia jambo jingine. Kama mti ulisimama pale penye mawe, basi hatua nane kuelekea milima ni mahali panapojulikana.

Sikumwambia upesi. Nawaambia ukweli, niliogopa. Miezi mitatu nilikuwa napitia njia ya nyuma ya soko ili nisipewe kikombe cha ziada. Mwishowe nilimkuta akipepeta maharagwe, nikachuchumaa, nikasema yote bila kupamba. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Miaka ile yote," akasema, "miye nalia udongo ya barabara?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye ulikuwa nakula maharagi yangu."

Hakuna siku nimejisikia mdogo kama siku ile, na nimewahi kukamatwa na askari nikiwa na mashine mgongoni. Akafunga kibanda chake, akanitangulia mpaka bustanini. Alisimama kwenye mawe, akageuka akatazama milima, akaanza kutembea. Sikumhesabia. Alihesabu mwenyewe kwa mdomo, kwa lugha yetu. Hatua ya nane mguu wake ulikuwa kwenye ngazi ya tatu ya jukwaa. Ngazi ambayo kila sherehe buti za wakubwa zilipanda na kushuka.

"Toa yeye," akaniambia.

Mtu hawezi kumwendea afande wa wakati ule akamwambia avunje jukwaa lake kwa sababu mtu wa maji alikosea. Lakini afande aliniamini katika jambo moja, mabomba. Nilichukua spana, nikalegeza maungio ya bomba langu mwenyewe lililopita kando ya ngazi, nusu mzunguko. Baada ya siku nne maji yalianza kutoka kwenye ufa wa ngazi. Niliitwa. Nikavaa mashine, nikatembea huku na huku kwa uso wa huzuni, nikamwambia bomba kuu linavuja chini ya ngazi, na likiachwa jukwaa litazama siku ya wageni. Mashine sikuwa nimeiwasha, masikioni mwangu ilikuwa kimya kabisa. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye betri, maana watu walikuwa wanapotea kwa makosa madogo kuliko lile.

Afande alitazama buti zake zilizolowa. "Vunja. Maliza. Nikirudi kutoka Kasese nione kavu."

Tulivunja mchana, mimi na Musa tu, kwa nyundo na mtaimbo. Nilimwambia Musa kila kitu, naye akasema bismillahi akavua shati. Mama Kambale alikuja na sufuria kichwani, kama mtu anayewaletea wafanyakazi chakula, akakaa kando. Chini ya saruji palikuwa na ile ardhi ya njano, ngumu, ya rangi moja. Nikadhani nimekosea tena. Kisha nikapangusa kwa ufagio, polepole, na kwenye ile njano pakatokea doa jeusi, refu kama mkono wangu, lenye kingo zilizonyooka. Maisha yangu yote udongo uliochimbwa ulikuwa adui yangu, unanipotosha, unanipotezea siku. Siku ile ndio uliomwonyesha mtoto. Mahali ambapo mtu amewahi kuchimba, hata kwa kina cha goti, hata kwa mikono ya mtu mwenye njaa, ardhi hairudi kuwa moja tena. Mashine haioni hilo. Ni macho tu, na ufagio.

Niliweka mashine chini, nikachimba kwa vidole. Mama Kambale alinisogeza pembeni, akamaliza mwenyewe. Alikuwepo, na sarafu yake. Vilivyobaki vilikuwa vichache sana. Musa aligeuka akatazama barabara, akinyanyua viganja vyake, na mimi nililia bila kujificha.

Nilikuwa nimeleta toroli na gunia safi, tumpeleke makaburini misheni, katekista alikuwa anangoja. Mama Kambale alilitazama toroli akatikisa kichwa. Alitandika kitenge kipya alichokileta ndani ya ile sufuria, akamkusanya mwanawe humo, akakunja, akainama, akamtupia mgongoni na kumfunga kifuani, mafundo mawili, jinsi kila mama wa huku anavyofunga. Akashika njia. Ni mwendo wa nusu saa. Mimi nikawa nyuma nasukuma toroli tupu, gurudumu linapiga kelele.

Karibu na njia panda alikutana na mwanamke wa vitunguu aliyekuwa akitoka sokoni, mtu wa kwao, ambaye hakujua lolote. Wakasalimiana kwa mikono miwili, wakaulizana habari za nyumbani. Yule mwanamke akachungulia mgongoni kidogo, kwa adabu.

"Mutoto iko nalala?" akauliza.

"Iko nalala," Mama Kambale akajibu, akakivuta kitenge juu kidogo, akaendelea kutembea.